Joka la Mwanao Limekwenda Wapi?

Mama mpendwa, mtoto wa miaka 10 akitoka chumbani analia kwamba ameibiwa joka, usicheke. Najua neno lenyewe linachekesha. Lakini mtoto huyo amelifanyia kazi joka lake kwa majuma mengi, pengine na fedha halisi uliyompa siku yake ya kuzaliwa imeingia humo, na mtu asiyemjua amelichukua kwa maneno matamu. Ukimjibu kwa kicheko, au kwa ile sauti yetu ya "si nilikuambia uache hiyo simu", siku atakapodanganywa kwa jambo kubwa zaidi atanyamaza. Na matapeli wanautegemea sana unyamavu wa watoto.

Hebu kwanza tujue ni kitu gani kinachozungumzwa. Roblox ilianzishwa Marekani na David Baszucki na Erik Cassel, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. Ndani yake mna michezo isiyohesabika, na watoto wa nchi mbalimbali hukutana humo na kuandikiana maneno. Fedha ya humo huitwa Robux, nayo hununuliwa kwa fedha hizi hizi tunazonunulia unga. Mmojawapo wa michezo hiyo ni Adopt Me!, uliotoka mwaka 2017. Mwaka 2019 waliongezewa wanyama wa kufuga. Mtoto hupata yai, huliangua, kisha humlisha mnyama wake, humwogesha na kumlaza mpaka akue. Wanyama wanne wa aina moja waliokomaa huunganishwa kuwa mmoja anayeng'aa. (Laiti sare za shule zingefuliwa kwa bidii hiyo!) Wako wanyama wa kawaida na wako walio adimu. Joka liitwalo Shadow Dragon, kwa mfano, liliuzwa msimu wa Halloween wa mwaka 2019, na wengi waliokuja baadaye wamelipata kwa kubadilishana tu.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo penye shughuli. Mchezo huwapa watoto wawili dirisha maalumu, tulifikirie kama meza ya sokoni. Huyu anaweka vyake, yule anaweka vyake, wote wanakubali, kisha wanathibitisha tena kabla ya vitu kubadilisha mikono. Mbinu nyingi za utapeli huanza pale mtoto anapoombwa atoe kitu ambacho malipo yake hayako mezani.

"Nipe joka lako kwanza, halafu mimi nitakupa mawili. Niamini." Au: "Rafiki wa kweli angeniazima kwa dakika moja tu." Dakika moja ikipita, rafiki hayupo. Wewe ungemshangaa mchuuzi anayempa mpita njia kuku wake ili arudi na fedha kesho, lakini mtazame mtoto kwa jicho lingine. Tumemfundisha kugawana, kutokuwa mchoyo, kuamini neno la mwenzake. Tapeli anayaokota mafundisho hayo hayo na kuyageuza kamba ya kumfungia. Kwa maoni yangu, mtoto mwenye moyo mwema ndiye anayenaswa upesi, kwa hiyo usimwite mjinga. Mwambie kwamba ukarimu ni kutoa bila kutazamia malipo, ila penye biashara vitu vyote huwa mezani kwa wakati mmoja. Asiyetaka kuweka chake mezani hana nia ya kukitoa.

Mbinu ya pili ni binamu wa pata potea. Tapeli anaweka mnyama wa thamani, mtoto anafurahi, kisha dakika ya mwisho anamwondoa na kuweka mwingine anayefanana naye, huku akiandika "haraka, naitwa, nataka kuondoka". Ujanja huu una umri. Katika RuneScape, mchezo wa Uingereza uliotoka mwaka 2001, waliweka dirisha la pili la kuthibitisha ili mchezaji asome tena anachopokea. Mtoto aizoee tabia hiyo: asome upya kila kitu, na akiona anaharakishwa, afunge dirisha.

Katika RuneScape hiyo hiyo kulikuwa na watu waliosimama sokoni wakitangaza kwamba wataizidisha fedha yako mara mbili. Ulipowapa kidogo, kweli walirudisha mara mbili. Ulipowapa nyingi, hukuwaona tena. Wasomaji wa Tanzania wanaoikumbuka DECI ya mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa zaidi. Mweleze mwanao kisa hicho, maana watoto husikiliza vizuri wanapojua kwamba hata watu wazima wenye akili zao walipanga foleni.

Mbinu iliyo nzito kuliko zote huingia mpaka kwenye pochi yako. Mtoto anaambiwa aende ukurasa fulani apate Robux za bure, au atume neno lake la siri ili "athibitishwe", au anunue joka kwa fedha ya simu kutoka kwa mtu wa nje ya mchezo. Robux za bure za namna hiyo hazipo. Ukurasa umetengenezwa ufanane na wa Roblox, na akiandika humo neno la siri akaunti nzima inakwenda. Vijana wakubwa nao wamo hatarini. Mwaka 2015 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ilieleza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi.

Basi likishatokea, fanya nini? Mfute machozi, kisha mpige picha kioo cha simu mazungumzo yangali yapo, jina la mtu yule lionekane, mkamripoti ndani ya mchezo. Mwambie ukweli kwamba alichokitoa kwa mkono wake kwa kawaida hakirudi. Ikiwa akaunti ndiyo iliyotekwa, badilisheni neno la siri siku hiyo hiyo, mwondoke katika simu na kompyuta zote zilizokuwa zimeingia, mwandikie kampuni bila kuchelewa, na muweke uthibitisho wa hatua mbili. Kadi ya benki isiachwe imehifadhiwa humo. Tangu Novemba 2024 Roblox inamruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto na kuisimamia kutoka simu yake mwenyewe. Jioni moja inatosha kuipanga.

Liko jambo moja ambalo akina mama hatupendi kuliuliza. Siku mwanao atakapokuja anarukaruka, "Mama, nimepata joka!", keti naye akusimulie amelipataje. Alitoa nini? Mwenzake alijua thamani yake, au ni mtoto mdogo aliyeambiwa "niamini"? Kama ni hivyo, amtafute mwenzake usiku huo huo na kumrudishia, kabla hajafutwa katika orodha ya marafiki.