Pombe ya Chupa na Pombe ya Mtungi

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwerevu aliyepanga chumba Mtumba, aliniletea chupa mbili za pombe aliyoipika mwenyewe. Alikuwa ameagiza kimea cha shayiri na hamira kutoka ng'ambo, akafuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, akaitia pombe chupani na kufunga vizibo. Nilimsifu, kwa kuwa kazi ya mikono haina aibu. Kisha nikamwuliza: mama mwenye nyumba, ambaye huloweka mtama uani hatua kumi kutoka dirisha lake, alimpa shauri gani? Akastaajabu. Hakumwuliza. "Yule, mwalimu, anapika pombe ya kienyeji tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonishikisha kalamu.

Kanuni ya vyombo vyote viwili ni moja. Nafaka huloweshwa ikaota, na katika kuota huko hupatikana vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira nayo huila sukari, ikatoa kileo na hewa. Mama wa Kigogo apikaye ujimbi huloweka mtama au uwele, akauchuja maji, akaufunika hata uchipue, akauanika juani na kuusaga. Ndipo hupika uji, akauacha upoe, akautia kimea. Yule mama hana kipimajoto. Hutia mkono chunguni, akajua kama uji umefikia kiasi cha kupokea kimea au utakiharibu. Kijana wangu amenunua chombo cha kumwambia jambo hilo hilo. Uchachu wa ujimbi, anaoudharau, nao una kazi yake: huzuia vijidudu vingi visistawi.

Mbona basi ujimbi hautiwi chupani? Kwa sababu hunyweka ungali unaumuka, na baada ya siku mbili tatu huharibika. Ukiufunga, hewa hukosa pa kutokea. Kijana alilijua hilo usiku mmoja, chupa zake tatu zilipopasuka chini ya kitanda, maana aliifunga pombe kabla haijatulia. Asubuhi mama alimwambia, "Mwanangu, kinachopumua hakifungwi." Somo hilo angelipata bure, kama angalitoka uani na kumwamkia.

Sisemi kwamba wageni wasiigwe. Uingereza, mpaka 1963, mtu hakuruhusiwa kupika pombe nyumbani pasipo leseni. Marekani iliwapa watu wake ruhusa ya kupika bia ya matumizi yao bila kodi kwa sheria ya 1978, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi ina haki ya galoni 200 kwa mwaka. Watu wa huko wameifanya kazi hiyo kuwa burudani yenye vyama, vitabu na mashindano. Wamefanya vema. Lakini yaweza kuwaje kwamba tendo likifanywa na karani wa London jikoni kwake ni ustadi, na likifanywa na bibi wa Ugogo ni ushamba? Tena neno "kienyeji" limetoka kwa "mwenyeji", mtu wa heshima ambaye mgeni humtegemea. Sokoni tunalipa zaidi kwa kuku wa kienyeji, na hapo hatusemi "tu".

Najua nitajibiwa. Wenye dini inayoharimisha vileo wana haki yao, wala siwaingilii. Watakaonitajia gongo nawakumbusha kwamba gongo hutoneshwa kwa moto, na Sheria ya Moshi ya 1966 ilitungwa kwa ajili ya kinywaji cha namna hiyo. Kuuchanganya ujimbi nacho ni uvivu wa fikira. Na ulevi ni ulevi, uwe wa mtungi au wa chupa.

Bali wasomi wa Kiswahili hawana udhuru hata mmoja. Waswahili wa pwani, Waislamu wa miaka mingi, hawakuona haya kuhifadhi maneno ya tembo na mgema wake. Na mpaka leo watoto wa shule hufundishwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lugha ilimpa mgema nafasi, ijapokuwa msikiti ulimnyima. Mpishi wa ujimbi tumemnyima sisi. Niliwahi kuketi katika kikao, sitasema cha chuo gani, ambamo msichana wa Kigogo aliomba kuandika tasnifu juu ya istilahi za upishi huo. Walicheka. Msichana akabadili mada, akaandika juu ya riwaya ambayo imekwisha kuandikiwa tasnifu nyingi, na bibi yake, aliyekuwa na maneno hayo yote, alifariki mwaka uliofuata.

Mtumba si kijiji tena. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa 2019, mashamba yamekuwa viwanja na nyua zimekuwa finyu. Anayetaka kuanika kimea hana pa kutandika mkeka, na mabinti hawana nafasi ya kukaa na mama zao hatua zote za upishi. Kila hatua ina jina lake kwa Kigogo, na majina hayo hayamo katika maandishi yoyote niliyowahi kufundishia.

Kijana wangu amekwenda uani hatimaye. Mama alimwuliza kama ana mtungi wake. Alipojibu hana, alimwambia akautafute, aje na kuni alfajiri ya Jumamosi, na kalamu pia akitaka.