Mbwa wa Maonyesho na Mbwa wa Shimoni

Katika nchi ya Uingereza wako mbwa wadogo waitwao teria. Jina hilo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa kazi yao tangu zamani ilikuwa kuingia chini ya ardhi kumfuata mbweha, ingawa wengine walifugwa kwa kuua panya tu. Mgeni akiwatazama hushangaa kuona kwamba mbwa wawili wa ukoo mmoja waweza kupitana sana kwa kimo na unene, mmoja akiwa wa kiwanja cha maonyesho na mwenziwe wa shimoni.

Mbweha wa nchi ile ni mwembamba kuliko aonekanavyo. Manyoya yake humdanganya mtazamaji, lakini kifua cha jike huwa na mzingo wa inchi 14 hivi tu, na shimo lake halizidi sana upana huo. Basi mbwa amfuataye hana budi kutoshea papo hapo. Miguu mirefu si kizuizi kikubwa, kwa maana mbwa aweza kuikunja akatambaa. Bali kifua ni mifupa, wala hakikunjiki. Mbwa mwenye kifua kipana mno hukwama gizani, asiweze kwenda mbele wala kugeuka, na wenyewe hulazimika kuchimba kwa sepetu wakiomba wamfikie angali hai.

Jambo hilo alilijua sana kasisi mmoja wa Devon, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 akafa mwaka 1883. Alipokuwa akisoma Oxford, mwaka 1819, alinunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe aitwaye Trump, na husimuliwa kwamba ukubwa wake ulikuwa sawa na wa mbweha jike aliyekomaa. Kwa kizazi cha mbwa huyo alianza ukoo wake wa teria. Mwaka 1873 chama kiitwacho Kennel Club kilianzishwa London, na Russell akawa miongoni mwa wanachama wa mwanzo; mwaka uliofuata alikuwa mwamuzi wa teria wa mbweha katika maonyesho. Hata hivyo mbwa wake mwenyewe walibaki kazini.

Tofauti ilianzia hapo. Mwamuzi kiwanjani hana shimo la kumjaribia mbwa. Aliye mrefu, mwenye kichwa kirefu na kifua kilichoshuka vizuri, hupendeza macho na kupewa utepe. Na apewaye utepe ndiye atafutwaye kuzalisha. Mfugaji yeyote aliyemwona fahali akisifiwa katika maonyesho ya ukulima, kisha akauliza habari za maziwa ya mabinti zake, atafahamu shida hiyo upesi. Kanuni za teria wa mbweha zasema kimo cha dume kisizidi inchi 15 na nusu, na si kimo kibaya. Lakini kifua kilizidi kwenda chini, na leo ni nadra kumwona mbwa wa ukoo huo akifanya kazi iliyompa jina.

Wala maonyesho hayakuzi tu, pengine hupunguza. Teria wa Yorkshire alikuwa muuaji wa panya, na Huddersfield Ben, aliyezaliwa mwaka 1865 na ahesabiwaye kuwa baba wa ukoo, alikuwa na uzito wa ratili 11 hivi. Kanuni za sasa hazitaki zaidi ya ratili 7. Mbwa aliyekuwa shujaa wa maghala amekuwa pambo la mapajani.

Mbwa wa kasisi nao wamegawanyika. Walioandikishwa na Kennel Club mwaka 1990 kwa jina la Parson hutakiwa kuwa na kimo cha inchi 14 kwa madume na 13 kwa majike. Wale wafupi waitwao Jack Russell, wa inchi 10 hadi 12, waliandikishwa mwaka 2016. Wawindaji wengi walipinga, wakasema kwamba kitabu cha ukoo kitafanya yale yale yaliyofanyika kwa teria wa mbweha. Hofu yao haikosi msingi, kwa kuwa tangu Februari 2005 sheria ya Uingereza na Wales imekataza kuwinda mbweha kwa mbwa, isipokuwa kwa ruhusa finyu sana. Kuua panya kungali halali. Shimo, ambalo ndilo lililokuwa mwamuzi mkali kuliko wote, sasa halihukumu ila mbwa wachache.

Lakini kipimo kimoja cha wawindaji kimeingia kiwanjani. Kwa teria wa Border, ambaye uzito wa dume ni ratili 13 hadi 15 na nusu, kanuni zataka kifua kiweze kuzungukwa kwa viganja viwili nyuma ya mabega. Mwamuzi huinama, humshika mbwa, humwinua kidogo, akaona kama vidole vyake vyakutana.