Kabla ya kununua spika, tuliza kelele za gari

Ikiwa umebahatika kununua gari kubwa la kuhimili matope na mawe, la aina ya Land Cruiser au Land Rover, yamkini marafiki wameshakuambia kwamba redio iliyomo haifai. Utapelekwa kwa fundi, naye atakuonyesha amplifaya na sabufa inayojaza nusu ya nafasi ya mizigo. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida wala si fundi wa redio, lakini nasema bila kusita kwamba fundi huyo anaanzia mwisho.

Tazama gari lenyewe. Ubavu wake ni bati pana lililonyooka, nalo hutetemeka kama debe. Kioo cha mbele kimesimama wima kikipigana na upepo. Matairi yenye meno makubwa hunguruma kwenye lami, na injini ya diseli haijui kunong'ona. Ngurumo hizo ni nzito, na ndizo zinazomeza besi ya muziki wako. Wewe hudhani kwamba spika ni dhaifu, kumbe inafunikwa.

Hapo ndipo watu hupoteza fedha. Ukitoa amplifaya ya wati 100 ukaweka ya wati 200, sauti huongezeka kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili muziki usikike kana kwamba umeongezeka maradufu, huhitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Lakini kila desibeli unayoipunguza katika kelele za gari ni desibeli unayoweza kuipunguza katika redio, na wimbo ukasikika vilevile.

Sasa niingie katika kazi yangu. Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda ubongoni. Zikifa, hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirejesha, hata kama kuna mtu anayeiuza mjini. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 480. Kwa sauti hiyo, utakuwa umemaliza kipimo cha wiki nzima kabla hujafika Voi.

Kazini, mfanyakazi wa Kenya ana kanuni za kelele za mwaka 2005 za kumkinga. Ndani ya gari lako hakuna mkaguzi.

Wanaokuja kliniki kwangu hawasemi kwamba hawasikii. Husema kwamba watu siku hizi hawatamki maneno vizuri, au mke ndiye anayelalamika kwamba televisheni inapigiwa mtaa mzima. Sababu ni kwamba sauti nyembamba hupotea kwanza: herufi kama s na f, sauti za watoto, mazungumzo katikati ya umati. Wengine husikia mlio masikioni usiku kunapotulia. Ukishuka garini na masikio yakawa kama yamezibwa pamba, hilo ni onyo, hata kama yatazibuka baada ya saa chache.

Wapo watakaosema kuzuia kelele ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Anza na yasiyo na gharama kubwa. Badilisha raba za milango zilizochakaa, kaza kila kinachogongagonga, na ikiwa huendi matopeni kila wiki, weka matairi ya barabara. Kisha gonga bati kwa vidole. Likilia kama debe, bandikwa hapo karatasi ya mpira mzito yenye foili. Likitoa sauti ya ubao, liache. Si lazima kufunika gari zima, kwani mara nyingi robo ya bati yatosha kuua mtetemo. Juu yake na chini ya zulia huwekwa sponji isiyonyonya maji.

Epuka karatasi za lami zilizotengenezewa mapaa ya nyumba. Joto la Mombasa au Garissa huzilainisha, zikanuka na kubanduka. Vilevile, mwambie fundi asizibe yale mashimo madogo yaliyo chini ya milango, kwani maji ya mvua yasipopata njia, kutu itakula mlango kimyakimya. Na kama baadaye utaongeza amplifaya, waya wake uwe na fyuzi karibu na betri.

Kuna anayeniuliza iwapo gari tulivu mno halitamfanya asisikie king'ora cha ambulensi. Kazi ninayoieleza hupunguza ngurumo, haikufungii ndani ya sanduku. Anayekosa king'ora ni yule aliyefungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka, na hao tunawaona kila siku wakiwazuia wagonjwa barabarani.

Mambo hayo yakishakamilika, endesha wiki mbili na redio ile ile ya zamani. Nadhani wengi mtaona kwamba spika nzuri mbili za milango ya mbele zinatosha. Mkizidi kutaka sabufa, pimeni kwanza hivi: fundi aendeshe, nawe uketi kiti cha nyuma kwa nusu saa, sauti ikiwa pale unapopenda kuiweka. Sabufa hufungwa nyuma, na huko ndiko watoto wako huketi. Aliye usukani hupunguza sauti anapochoka. Mtoto wa miaka mitatu, aliyefungwa mkanda, mkono wake haufiki redioni.