Joto la Mashine ya Vifaranga
Mama, usiweke mayai siku ileile mashine ya kutotolea inapofika nyumbani. Iwashe tupu kwanza, usiku na mchana, mbali na dirisha. Yenye feni ikae kwenye nyuzi 37.5, isiyo na feni 38.5 hivi, kipimajoto kikiwa usawa wa juu ya mayai. Joto likipanda na kushuka, rekebisha sasa. Likizidi, huua kifaranga ndani ya yai upesi kuliko baridi ya muda mfupi, na trei ya mayai yenye mbegu si pesa ndogo! Geuza mayai mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaache. Umeme ukikatika, usifungue kuchungulia; funika mashine kwa blanketi mpaka urudi. Siku ya 21 waite watoto wasikilize milio.