Kabla ya Theluji ya Ulaya, Tupande Manga

Mwana wa ndugu yangu, kijana wa Kilifi, ameweka akiba miaka miwili ili aende Austria kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao ndefu za miguuni. Hoja yake hakuitoa mbali. Sabrina Simader, aliyezaliwa papo hapo Kilifi mwaka 1998 na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya kwa mchezo huo katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, Korea Kusini. "Ami, yeye si wa kwetu?" Nikanyamaza.

Tulipokwenda Nyamira kumzuru binti yangu anayesomesha huko, nikamwambia kijana: kwanza tupande Manga.

Manga ni genge refu lililoinuka baina ya Kisii na Nyamira. Alfajiri maji ya udhu yaliuma vidole, na sweta nililoazimwa halikunifaa kitu. Njia ilikuwa udongo mwekundu uliolowa mvua ya usiku. Kijana alianguka mara mbili, wala hakuhitaji mbao. Kina mama wenye mikungu ya ndizi vichwani walitupita wakicheka, "Bwakire!", nami nimeshika goti. Juu kabisa tuliuona mji wa Kisii chini yetu, na ukungu ulipofunguka, Ziwa Viktoria likang'aa kwa mbali.

Najua, kilima si Alps. Kisii theluji haianguki, ila mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Lakini watu wa Alps nao walikuwa wakulima na wafugaji, na theluji kwao ilikuwa taabu tupu, mpaka wageni walipoanza kuilipia. Sisi siku ile hatukukuta hata kibao cha kuonyesha njia. Mchunga ng'ombe mmoja alituongoza, na tulipompa ujira alishangaa.

Lawama nyingine ni yetu watu wa pwani. Twapenda watu wa bara waje kwetu na fedha zao, waogelee, wale samaki, walale. Sisi kwenda kwao ni kwa harusi, mazishi au biashara, na jioni twaulizia basi la kurudi. Ni nani kati yetu aliyelipa senti kwa ajili ya kuutazama mlima wao?

Kijana yu vile vile na safari yake ya Austria. Sikumzuia, fedha ni zake. Ila tulipokuwa twashuka aliniuliza nauli ya watu kumi, Mombasa mpaka Kisii.