Gramofoni ya Wazee Haipimwi kwa Kilo



Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya desturi zetu, kuna mutu anasimama na kusema: «Gramofoni haiko desturi yetu. Ni kitu ya Wazungu. Mwenye kuwa nayo aiuzishe, apate pesa ya masomo ya watoto.» Watu wanapiga makofi, tunapita kwa jambo lingine. Mimi sikupiga makofi, na hapa ninaeleza kwa nini.

Tuanze na Mwindo, ambaye hakuna Munyanga atamukana. Muzee Shekarisi Rureke alisimulia habari zake mwaka wa 1956, Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakaziandika, na kitabu alichotoa pamoja na Kahombo Mateene kikatoka mwaka wa 1969. Kalamu na karatasi vilitoka wapi? Vilitengenezwa Ntoto? Lakini hakuna anayesema Mwindo ni wa Wazungu kwa sababu ya karatasi. Basi tusiulize tu kitu kilitengenezwa wapi. Tuulize wazee wetu walifanya nini nacho.

Kwetu, baba mukubwa alirudi nayo toka kazi ya madini, na pembe yake kubwa na manivela pembeni. Jioni watu walijaa kiwanja. Mutoto mumoja alipewa kazi ya kukunja manivela, na kazi hiyo ilikuwa heshima. Diski (wengine husema santuri) ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mumoja ulikwisha kwa dakika karibu tatu. Hapo maneno yalianza: aliyesikia Lingala aliwatafsiria wengine, wazee walibishana, mama mumoja alijibu kwa wimbo wa kwetu. Ni kwa njia hiyo tulipata muziki wa Léopoldville, ule wa nyumba ya Ngoma, iliyoanza mwaka wa 1948 na kutoa «Marie-Louise» ya Wendo.

Tangu damu ilipomwagika sokoni Ntoto mwezi wa tatu 1993, watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Mutu anayekimbia anabeba mutoto, sufuria na godoro. Habebi pembe ya gramofoni. Kwa hiyo ile moja iliyobaki chini ya kitanda imeponyoka vita. Na sasa sisi wenyewe tunaimaliza, tena bila vita.

Nimeona inavyofanywa. Kijana anaambiwa aitengeneze ili iuzwe. Anasugua pembe kwa muchanga na ndimu mpaka inang'aa, anapaka mbao rangi ya mulango, anatupa diski eti zimechakaa. Ndani hakugusa kitu. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani: grisi ya resori imekauka, na mipira midogo ndani ya kile kichwa kinachobeba sindano imekuwa migumu kama jiwe. Ukisafisha, ukatia grisi mpya, ukabadilisha ile mipira, sauti inarudi. Resori yenyewe aifungue fundi anayeijua, maana ikiruka inakata vidole. Sindano ya chuma ni ya upande mumoja tu wa diski. Ukiirudia, inakula diski. Na diski za plastiki zilizokuja nyuma usiziweke, kichwa kile ni kizito, kitazichimba.

Tena anayesugua hivyo anajiibia mwenyewe. Masoko ya vitu vya kale duniani yamejaa gramofoni za uongo, nyingi zimeungwa India kwa pembe mpya inayong'aa na alama ya kubandika. Munuzi mwenye akili anaogopa kung'aa huko. Anatafuta rangi ya zamani, alama ya kweli, na habari za mwenye kitu. Vyote ulikuwa navyo, umevifuta kwa ndimu. Sasa anakulipa bei ya shaba, kwa kilo.

Sisi tunaijua biashara ya namna hiyo. Kasiterite ya Bisie ilitoka porini mugongoni mwa vijana wetu, na faida kubwa ikahesabiwa mbali.

Sikatazi kuuza. Mutoto mugonjwa hawezi kungoja. Lakini ninadai mambo matatu. Kwanza, itengenezwe ndani, na nje ifutwe vumbi tu. Pili, kabla haijatoka, ikunjwe mbele ya watu wote, na simu za vijana zishike sauti ya diski pamoja na maneno ya wazee wanaozikumbuka. Tatu, diski zisitenganishwe na gramofoni, na jina la aliyekuwa nayo liandikwe katika daftari la muungano wetu.

Na yule mwenye kusema ni kitu ya Wazungu, aje jioni hiyo. Tutamupa manivela akunje, aangalie nyuso za wazee wakati sauti inapotoka. Halafu asimame tena aturudilie maneno yake.