MAMBO YA NYUMBANI: Maumivu ya Kunyonyesha, na Nguo ya Kifua



Mwezi huu nataka kusema habari ambayo yamkini wanaume wengine watashangaa kuiona imeandikwa na mwalimu wa dini, nayo ni habari ya maumivu yampatayo mama katika siku za kwanza za kunyonyesha, na ya nguo avaayo kifuani. Atakayeona haya na ampe mkewe ukurasa huu, walakini afadhali ausome yeye kwanza, maana sehemu si ndogo yamhusu. Maandiko yenyewe hayaoni haya kutaja ziwa la mama. Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka alipokwisha kumwachisha Samweli, na Elkana mumewe hakumlazimisha; naye Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku ile Isaka alipoachishwa. Jambo ambalo mzee wetu Ibrahimu alilifanyia karamu, sisi tutalionea haya kwa sababu gani?

Mwaka juzi niliitwa katika nyumba moja ya Wakristo. Mama alikuwa na mtoto wake wa kwanza, mwenye siku nne. Chuchu zake zilikuwa zimepasuka hata kutoka damu, na kila mtoto alipolia mama naye alilia, akageuza uso ukutani. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpa mtoto maji ya sukari kwa kijiko, na sufuria ya uji mwepesi ilikuwa motoni. Lakini jambo lililonihuzunisha zaidi ni sababu yangu ya kuitwa. Sikuitwa kuomba, wazee wa ukoo walitaka nimwungamishe yule binti, kwa kuwa walisema, mwanamke ambaye ziwa lake linamkataa mtoto lazima ana neno alilolificha, labda la mwanamume mwingine. Mumewe aliketi kimya, macho chini, na ilionekana kwamba maneno yale yameanza kumwingia.

Nikasema, kabla ya kuungama na aitwe mkunga. Akaitwa bibi mmoja aliyefanya kazi ya ukunga miaka mingi hata akastaafu. Mimi nilibaki barazani pamoja na wanaume, kama ipasavyo, na haya niandikayo nilisimuliwa naye mwenyewe baadaye.

Binti alipomwamkia, "Shikamoo, bibi," alimjibu, "Marahaba, mwanangu. Niwekee mtoto kifuani nione anavyonyonya." Hakuuliza habari za mume wala za dhambi, wala hakuanza kwa kutazama vidonda. Mara akaona kosa. Binti alikuwa amejikunja, akimwinamia mtoto na kumtilia ziwa kinywani kama mtu atiaye kijiko, na mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu peke yake, akiitafuna kwa ufizi. Chuchu yo yote itendewayo hivyo mara nane au kumi na mbili mchana na usiku, maana ndivyo mtoto mchanga anyonyavyo, haina budi kupasuka.

Basi bibi akamwegemeza binti ukutani, na mto nyuma ya mgongo. Akamlaza mtoto ubavu, tumbo lake likigusana na tumbo la mama, na sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja, ili asipinde shingo. Akaielekeza pua ya mtoto kwenye chuchu, akamgusa mdomo kwa chuchu ile, kisha akangoja. Hapo ndipo penye kazi, kungoja! Mtoto alipopanua kinywa kama apigaye miayo, ndipo akamsogeza upesi kwenye ziwa. Alisogezwa mtoto kwenda kwenye ziwa, ziwa halikupelekwa kwa mtoto. Kidevu kikaligusa ziwa, mdomo wa chini ukapinduka nje, na sehemu nyeusi izungukayo chuchu ikaonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini yake. Mashavu yakajaa, hayakubonyea. Kisha ikasikika sauti ya kumeza. Binti akavuta pumzi, akasema, "Bibi, mbona hauumi kama jana?" Nasi kule barazani tulisikia kilio kimekoma, na wazee wakatazamana.

Akina mama wengi husikia uchungu kidogo mtoto anapoanza kuvuta katika siku za kwanza, nao hupita upesi, na kwa kawaida siku zikisonga hupungua. Lakini uchungu udumuo muda wote wa kunyonya, au chuchu inayotoka kinywani imebanwa na kupinda, ni alama kwamba mtoto hakushika vema. Mama asivumilie kwa kudhani kwamba ndiyo adhabu ya Hawa. Amtoe mtoto, aanze tena. Naye asimnyofoe, atie kidole chake kidogo, kilicho safi, pembeni mwa kinywa cha mtoto mpaka mvuto uachie. Aanzie ziwa lisilouma sana. Akiisha kunyonyesha akamue matone machache ya maziwa yake mwenyewe, ayapake juu ya chuchu, aache yakauke kwa hewa. Maji ya kuogea yatosha kuziosha. Sabuni na spiriti hukausha ngozi na kuzidisha nyufa. Majivu, na dawa za miti zisizojulikana, tumwepushe nazo. Na kama mtoto amemeza damu kidogo kutoka katika ufa, haimdhuru.

Maziwa yajapo kwa wingi, kati ya siku ya pili na ya tano hivi, matiti huweza kujaa hata yakawa magumu, na mtoto asipate mahali pa kushika. Hapo mama akamue kidogo kwa mkono, ziwa lilainike, kisha amnyonyeshe. Baadaye kitambaa kilichotiwa maji baridi humpunguzia uvimbe. Lakini likitokea pande jekundu, lenye moto, pamoja na homa na maungo kuuma, asingoje, aende zahanati, wala asiache kunyonyesha, wala asikubali kukandwa kwa nguvu kama unga wa maandazi. Hali kadhalika mtoto akiwa na utando mweupe kinywani usiofutika, na mama anaungua chuchu kama kwa pilipili, watibiwe wote wawili. Na mama atumiaye dawa za virusi vya Ukimwi, akipata nyufa zenye damu, aende kliniki siku hiyo hiyo akaelezwe namna ya kumlisha mtoto mpaka zipone, wala asikose dawa zake hata siku moja.

Sasa nguo. Yule bibi alipomfungua binti kanga alikuta amevaa sidiria ya mtumba, yenye waya chini, aliyoinunua kabla ya kuolewa. Aliona matiti yamekuwa mazito, akaikaza zaidi apate nafuu; ule waya ukaacha alama nyekundu kama ya kamba, na juu ya alama palikuwa na gumba gumu la maziwa yaliyokosa njia. Bibi akaivua, akatoka nayo barazani, akampa mume, akamwambia akanunue nyingine. Kijana yule akanijia mimi faraghani kuniuliza jinsi nguo hiyo inunuliwavyo. Nilikwenda kumwuliza mama watoto wangu, naye akacheka sana kabla ya kunijibu.

Majibu yake, pamoja na ya bibi, ni haya. Kwanza, sidiria si lazima. Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambao kifua hukiita sadr, na mama zetu wengi walilea watoto kwa kujifunga kanga tu. Anayeona raha bila hiyo na akae bila hiyo, hasa usiku. Lakini mwenye matiti mazito, au aendaye kazini na safarini, hupata msaada mkubwa akiipata inayofaa. Iwe ya pamba, isiwe na waya, mikanda yake ya mabegani iwe mipana, na ifunguke mbele kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una mtoto. Mkanda wa chini upitishe vidole viwili bila taabu. Akiivua jioni na alama zimebaki katika ngozi, au ziwa likimwagika pembeni, hiyo ni ndogo, hata kama ilikuwa ya bei kubwa. Inunuliwe moja au mbili katika majuma ya mwisho ya mimba, yenye nafasi, na ikae vema kwenye kifungo cha nje kabisa, kwa kuwa mbavu zilizopanuka hurudi baada ya kuzaa, na hapo ataweza kuikaza. Nyingine zingoje mpaka maziwa yatulie. Fundi cherehani mwenye akili aweza kushona kibwebwe cha pamba chenye vifungo mbele kwa gharama ndogo.

Maziwa yanayovuja yapokewe kwa vipande vya kanga kuukuu, laini, vilivyofuliwa na kuanikwa juani, navyo vibadilishwe kila vilowapo. Unyevu ukikaa juu ya chuchu huiozesha ngozi. Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa kwa kanuni za viwango vya Tanzania, ingawa sokoni twaziona zimetandazwa. Nami naona ni afadhali mume apunguze soda mbili tatu katika mwezi kuliko mkewe kuvaa kifuani kilichovaliwa na mtu asiyemjua.

Kwa akina baba neno langu ni hili: mke mwenye chuchu zilizopasuka hana la kuungama kwa ajili hiyo. Akisingiziwa mbele yako nawe ukanyamaza, wewe ndiwe mwenye neno la kuungama. Mteke maji, mletee chakula na kinywaji anaponyonyesha, wazuie wageni wasiokwisha. Na kwa akina mama wakwe, ambao twawaheshimu: maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano yaitwayo dang'a, si machafu, msiyamwage. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Mama aliyekata tamaa siku ya nne kwa maumivu, mtoto wake huingia katika maji na uji mapema, na kuhara kwa mtoto mchanga twakujua sote. Makaburi madogo tumeyachimba.

Walimu nao wana lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini apewe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Baba hupewa siku zisizopungua 3. Mwalimu mkuu asiyekuwa na chumba cha faragha kwa mwalimu anyonyeshaye na aisafishe hata stoo ya vitabu, aweke kiti chenye egemeo, na mlango uwe na komeo kwa ndani.